Kutoka S2000 hadi Cayman S: gari hubadilika kwa siku moja, miguu huchelewa

Kilichonitoa kwenye Honda S2000, gari la wazi la viti viwili, si kuichoka, wala si tamaa ya injini yenye farasi wengi. Ni fimbo ya ufagio. Waandaaji wengi wa siku za kuendesha sakiti, yaani kwenye uwanja wa mbio, wana kipimo chao kwa magari ya wazi: dereva anakaa kitini na helmeti kichwani, kisha fimbo iliyonyooka inalazwa kutoka juu ya fremu ya kioo cha mbele hadi juu ya vyuma vya nyuma vinavyokinga vichwa gari likipinduka. Helmeti ikiigusa fimbo, huingii. Mimi ni mrefu, na helmeti inaniongezea urefu. Kwa muda nilikuwa napita kwa kujikunja kidogo, mpaka akaja mkaguzi aliyetaka nikae vilevile ninavyokaa nikiendesha. Nikarudishwa.

Nilikuwa na njia mbili za kubaki nayo. Ya kwanza ilikuwa kushusha kiti. Nilikishusha mpaka hakuna pa kushukia tena, bado haikutosha. Ya pili ilikuwa kufunga fremu ya chuma nyuma ya viti, ndefu kuliko kichwa changu. Mwenye gari la wazi asisome hapa harakaharaka. Fremu ile inaokoa maisha sakiti kwa sababu umevaa helmeti na mikanda imekubana kitini. Barabarani huna helmeti, na mkanda wa kawaida unakuacha uyumbe. Ukigongwa kwa nyuma, kichwa kinaweza kukutana na chuma. Zipo sifongo ngumu za kuivisha fremu na zinasaidia, lakini gari langu lilikuwa linanipeleka kazini pia. Sikutaka chuma karibu na kisogo kila asubuhi. Nikaamua kutafuta gari lenye paa.

S2000 si gari la kuachwa kirahisi. Honda waliitoa mwaka 1999, mradi ukiongozwa na Shigeru Uehara, mhandisi yuleyule wa NSX, gari lao lingine la michezo. Injini yake, F20C, ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,997 tu na haina tabo (turbo), lakini inatoa farasi 240, na zile za soko la Japani 250, ikizunguka hadi mara 9,000 kwa dakika. Yangu ilikuwa AP1, ya kabla ya mabadiliko ya 2004. Chini ya mizunguko 6,000 ni gari la kawaida kabisa. Juu ya hapo VTEC, mfumo wa Honda unaobadilisha namna vali zinavyofunguka, inafanya kazi yake na sauti inakuwa ya kitu kingine. Torki yake yote, yaani nguvu ya kuzungusha, ni Nm 208, nayo inafika kileleni kwenye mizunguko 7,500, kwa hiyo sakiti mkono haupumziki kwenye gia. Ukitoka kwenye kona na injini iko 5,000, waliokuwa nyuma yako wanakupita.

Nyuma ya AP1 ina hasira. Sasupensheni ya nyuma ikibanwa, matairi hubadili mwelekeo kidogo, na ukipiga tuta dogo katikati ya kona gari linaweza kuchomoka bila taarifa. Honda walipunguza tabia hiyo kwenye mabadiliko ya 2004. Mimi nilijifunza kuishi nayo: breki zote ziishe gari likiwa limenyooka, usukani uzungushwe taratibu, mafuta yakanyagwe kidogo kidogo mpaka kona iishe. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu mpaka nikaacha kufikiria. Baadaye mazoea hayo yalinisumbua kuliko pesa.

Nilipoanza kutafuta, masharti yalikuwa machache: paa, gia za mkono, injini isiyo na tabo, matairi ya nyuma yasukume, na gari niweze kuliendesha masafa marefu kurudi nyumbani baada ya siku nzima ya sakiti. Nikaishia kwenye Porsche Cayman S ya kizazi cha 987, tena zile za kuanzia 2009.

Mwaka huo una maana. Injini za kabla ya hapo zina shafti ya kati yenye beringi ambayo wamiliki wanaijua vizuri mno. Ikiharibika inaweza kuondoka na injini nzima, na kwenye Cayman za miaka hiyo huwezi kuibadilisha bila kuifungua injini yenyewe katikati. Mwaka 2009 Porsche walileta injini mpya isiyo na shafti hiyo, na S ikawa na lita 3.4, farasi 320 na Nm 370 kwenye mizunguko 4,750. Hizo za mwanzo hupatikana kwa bei nafuu zaidi, na nyingi zinatembea bila tatizo lolote. Kwa gari nililojua nitalitesa, tofauti ya bei niliiona ndogo kuliko bei ya injini. Sikupanda hadi 981, iliyokuja 2012, kwa sababu moja tu: usukani. 987 ndiyo Cayman ya mwisho yenye usukani wa kusaidiwa na haidroliki, yaani mafuta yenye shinikizo. 981 ulikuwa wa umeme. S2000 nayo ina usukani wa umeme, mwepesi na wa haraka, lakini mikono haikuambiwa mengi na matairi ya mbele. Nilitaka safari hii kusikia.

Kwenye ukaguzi usione haya kuonekana msumbufu. Kompyuta ya injini ya Porsche za kipindi hiki huhesabu kila mara injini ilipozungushwa kupita kikomo, ikizigawa katika ngazi 6, na huandika ni saa ngapi ya maisha ya injini ngazi husika iliguswa mara ya mwisho. Ngazi za chini hujaa kwa dereva kuchelewa kupandisha gia, na kwa gari la sakiti hilo ni jambo la kawaida. Za juu kabisa ni habari nyingine: mtu ameingiza gia ya chini akiwa kwenye kasi, matairi yakaizungusha injini kwa nguvu, na kikomo cha umeme hakina uwezo wa kuzuia hilo. Gari la kwanza lililonivutia lilikuwa na rangi safi na viti kama vipya, ila muuzaji alikataa fundi wangu asichomeke mashine ya kusoma takwimu hizo. Niliaga nikaondoka. La pili lilikuwa na mikwaruzo kwenye bampa, kapeti iliyochakaa, na ripoti safi. Ndilo ninaloendesha.

Ukinunua ya kabla ya 2009, ongeza na kamera nyembamba ya kuingizwa kwenye silinda, fundi aangalie kama kuta zina michirizi. Na kwa mwaka wowote, chungulia ndani ya matundu ya bampa la mbele. Injini iko nyuma ya viti lakini rejeta ziko mbele, na majani makavu hupenda kulala pale, yakilowa yanashika unyevu na kuzila taratibu. Kuyaondoa ni kazi ya dakika chache. Kuyaacha ni rejeta mpya.

Kabla ya kulipa niliketi kupiga hesabu, si ya gari bali ya vinavyoliwa. Naona wengi wanairuka hatua hii, wanaangalia bei ya kununulia na bima wanamaliza. Cayman S ina breki zenye pistoni nne kila tairi, diski za mbele milimita 318. Matairi yake kwa rimu za inchi 18 ni 235 mbele na 265 nyuma. S2000 yangu ilivaa 205 na 225 za inchi 16. Injini ya S2000 inaridhika na lita 4.8 za oili pamoja na filta, hii inameza zaidi ya hapo kwa mbali. Kwa kuwa haina boneti ya injini, fundi huifikia kwa chini au kwa kufungua paneli nyuma ya viti, kwa hiyo hata kazi ndogo inaanza na kunyanyua gari, na saa za fundi zinahesabiwa kuanzia hapo. Nilichofanya ni kutenga, kabla ya kununua, pesa ya seti nzima ya matairi, pedi na diski za pande zote, na oili zote kubadilishwa. Ningekosa akiba hiyo, nisingenunua. Iliisha ndani ya mwaka wa kwanza karibu yote, na hakuna kilichoharibika. Ni matumizi tu.

Bima usiiulize kwa jumla. Sera nyingi za barabarani zinakutoa nje ya ulinzi mara unapoingia sakiti, hata kama hakuna mashindano na hakuna anayepima muda. Soma mwenyewe maandishi yao. Uharibifu wa sakiti niliubeba mimi, na nilijua hivyo tangu mwanzo.

Kuiuza S2000 kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ambayo nawashauri wote: nilikuwa nimehifadhi kila kilichotoka kwenye gari, kuanzia springi hadi egzosi na rimu za kiwandani. Wanaoitafuta sasa wengi wanataka ya asili, na aliyeinunua alihesabu maboksi kabla hajaigusa injini. Nilivua vitu vya sakiti nikaviuza pembeni. Siku alipoondoka nayo nilibaki nikisikiliza anavyobadilisha gia mpaka sauti ikapotea, nikajisikia vibaya kwa siku kadhaa. Watu watakwambia ni chuma tu. Waache waseme.

Sasa sakiti. Siku ya kwanza nikiwa na farasi 80 zaidi, nyakati zangu zilikuwa mbaya kuliko za S2000 kwenye sakiti ileile. Si kwa tofauti ndogo pia. Kila kona ya polepole pua ilikataa kuingia, gari likisukumwa kwenda nje, nami nikiongeza usukani huku nikisubiri. Nilianza kulaumu matairi, nikashuka kupima upepo, nikapanda, hali ileile. Mchana nikamwomba mkufunzi aketi pembeni yangu. Raundi ya kwanza hakusema kitu. Ya pili akauliza, "Bwana, mbona breki unaiachia mapema hivyo? Pua haina mzigo, unataka ishike kwa nini?"

Alikuwa sahihi. Kwenye S2000 injini iko mbele ya dereva, ingawa imesogezwa nyuma ya ekseli ya mbele, na matairi ya mbele yana uzito wao hata usipofanya lolote. Kwenye Cayman uzito mkubwa uko nyuma yako. Ukimaliza breki zote kwenye mstari ulionyooka kama nilivyozoea, pua inanyanyuka, matairi ya mbele yanabaki mepesi, na ndipo unayaomba yageuze gari. Dawa ni kuibeba breki ndani ya kona: unaingia mguu ukiwa bado juu yake, unaiachia polepole kadiri unavyozungusha usukani. Nilijua hivyo kwa kusoma. Mguu ndio uliokuwa haujui, na kila nilipochoka au kumwona mtu kwenye kioo ulirudi kwenye tabia yake ya S2000.

Upande wa pili wa sarafu ni hatari zaidi. Kwenye S2000 mguu wangu ulijifunza kuogopa kukanyaga. Kwenye Cayman unatakiwa kuogopa kuachia. Ukiwa katikati ya kona ya kasi, ukashtuka ukaondoa mguu ghafla kwenye mafuta, uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, na kwa kuwa uzito wa gari umekusanyika katikati linazunguka haraka kuliko unavyoweza kulirudisha. Kushtuka ni jambo la kimaumbile, huwezi kujikataza kwa maneno. Kilichonisaidia ni uwanja wa mazoezi wenye lami iliyolowanishwa. Mkufunzi alinizungusha kwa kasi ndogo kwenye duara, kisha akaniamuru niachie mafuta makusudi, tena na tena, mpaka mwili ukaijua hisia ya nyuma kuanza kwenda na mikono ikaanza kuikamata yenyewe. Ukihamia gari la injini katikati, fanya hili kabla ya kutafuta kasi. Linakula matairi kidogo sana, na ni nafuu kuliko bampa.

Gia nazo zilinihitaji nisahau. Nm 370 zinapatikana mapema, na gia za 987 ni ndefu. Mimi nilikuwa napangua gia kabla ya kila kona kwa sababu S2000 ililazimisha. Mkufunzi akanizuia: kaa gia ya tatu, acha injini ivute kutoka 4,000. Nilihisi kama mvivu. Saa ikasema nimeongeza kasi. Sehemu za sakiti nilizokuwa nabadili gia mara mbili sasa sibadili hata mara moja, na akili iliyokuwa inashughulika na klachi inaangalia pa kwenda.

Mambo madogo ya jeki na spana yasidharauliwe. Rimu za S2000 zinashikwa na nati juu ya stadi, kwa Nm 108. Porsche inatumia bolti, Nm 130 kwa kizazi hiki, kwa hiyo rimu unaishikilia juu mwenyewe huku ukitafuta tundu. Tumia ile pini ndefu ya kuongozea rimu, vinginevyo utakwaruza diski. Kaza kwa spana ya kipimo, endesha kidogo, rudia kupima. S2000 ina kijiti cha kupimia oili, na kwa injini inayoishi mizunguko ya juu nilikichomoa kila nilipojaza petroli. Cayman hii haina kijiti. Unasoma kiwango kwenye dashibodi gari likiwa sehemu tambarare, na ukikosa subira inakupa jibu lisiloaminika.

Mafuta ya breki ni pale ambapo wanaotoka barabarani kwenda sakiti wanaumia. DOT 4 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, lakini huvuta unyevu wa hewa, na kiwango cha chini kinachokubalika kwa iliyovuta unyevu ni nyuzi 155 tu. Ikichemka unakanyaga pedali inazama bila kushika. Breki kubwa za Cayman hazikuondolei sheria hii. Zinakufanya ufike kwenye kona ukiwa na kasi zaidi. Nabadilisha mafuta hayo kila mwanzo wa msimu na tena katikati, bila kungoja dalili. Pedi nina seti mbili. Za sakiti hupiga kelele barabarani na zikiwa za baridi hazishiki vizuri, jambo ambalo kwenye taa za barabarani asubuhi si mzaha. Kuzibadilisha kwenye kalipa hizi ni kuchomoa pini tu, rahisi kuliko S2000, na ni moja ya furaha chache za gharama ndogo kwenye gari hili.

Kilichoniuma mfukoni zaidi ni matairi ya mbele. Baada ya siku chache za sakiti kingo za nje zilikuwa zimelika mpaka mwisho wakati katikati bado kuna meno mengi. S2000 ina wishiboni mbili, yaani mkono wa juu na wa chini, kila pembe, na gari likilala kwenye kona tairi linabaki limekaa vizuri juu ya lami. Cayman ina mkono mmoja wa chini na shokapu mbele na nyuma. Likilala, tairi nalo linalala kwa nje. Unahitaji kulilaza kwa ndani tangu mwanzo, yaani kemba hasi zaidi, na marekebisho ya kiwandani mbele yanakupa kama digrii moja hivi. Fundi mmoja aliniambia amefika kikomo, kumbe hakuwa amegusa matundu ya juu ya shokapu. Nenda na karatasi ya vipimo vya kabla na baada, na usiondoke bila kuisoma. Zaidi ya hapo wengi hufunga mikono ya chini ya vipande viwili ya Porsche 911 GT3 ya kizazi cha 996 au 997, inayoingia bila kukata kitu, na kemba unaongeza kwa vipande vya bati kati yake. Mimi bado sijafunga.

Upepo wa matairi nao una kanuni zake. Tairi likipata joto sakiti upepo unapanda, unaupunguza likiwa la moto. Jioni jaza tena kabla ya kushika barabara kuu, kwa sababu likipoa litakuwa chini mno kwa safari.

Barabarani Cayman imenishinda kwa utulivu. Kuna buti mbili, mbele na nyuma, na kwa kasi ya safari injini haipigi kelele kama S2000, ambayo kwenye gia ya sita kwa kilomita 100 kwa saa ilikuwa tayari imepita 3,000. Lakini nguzo za nyuma zinaficha magari wakati wa kuhama njia, matairi mapana yanavuma kwenye lami chakavu, na jioni nzuri ikija hakuna paa la kufungua. Hilo la mwisho halijapoa. Mke wangu ananiambia nimenunua gari bora nikapoteza gari la raha, na sina hoja ya kumjibu nikiwa kwenye foleni.

Kilichobaki ni difu, gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma. S2000 ilitoka kiwandani na Torsen, aina ya difu ya kubana isiyoacha tairi moja lizunguke bure. Kwenye 987 difu ya kubana ilikuwa ya kuagiza, na aliyelinunua gari langu likiwa jipya hakuagiza. Kwenye kona za polepole tairi la ndani linazunguka bure nikikanyaga mapema. Kuibadilisha ni kushusha gia boksi, kwa hiyo nimepanga iende pamoja na klachi itakapoisha. Kabla ya hapo mikono ya chini itatangulia, maana matairi ya mbele yanaisha haraka kuliko klachi.